Isale Ndani ya Bahasha

Mamba, Marangu
Jumapili, 26 Januari 2025

Mpendwa mjukuu wangu Tabitha,

Amani ya Bwana iwe nawe huko bwenini. Mimi sijambo, magoti ndiyo yana maneno yao, na hayo umeyazoea. Naandika kwa sababu ile simu ya matroni siku za Jumamosi siiwezi. Tunaulizana hali, tunaulizana tena, mwenzako nyuma anadai zamu yake, tunaagana. Barua hii nampa baba yako mdogo Eliufoo, kesho anashuka Moshi kupokea wageni wake wa mlimani, ataiacha getini kwenu Rau.

Kwanza nikushukuru. Likizo yote ulinikatia majani, ukanikamulia, hukunung'unika hata siku moja, isipokuwa ile siku ya mtori ulioungua, na hapo ulikuwa na haki. Tangu uondoke ng'ombe wako Bibiharusi ananuna. Anabana maziwa na kuangalia mlangoni. Nimemwimbia ule wimbo wa mama yangu niliokufundisha, hataki kwangu. Basi unajua nilichofanya? Nimemwekea ile video niliyokupiga kwa hii simu aliyoninunulia Eliufoo, umevaa mabuti ya babu yako na kanga yangu kichwani, unamkamua huku unamwimbia. Kusikia sauti yako tu, akaachia maziwa! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Video yenyewe imependwa mno. Niliirusha kwenye grupu letu la kwaya ya akina mama, kila mtu akaweka ile mikono ya kushukuru. Bibi Rachel anasema aliirudia mpaka chaji ikaisha. Kinachonitia aibu ni pale mwisho kabisa, nasikika nikicheka na kukushukuru kwa Kichagga chetu, "Aika, mwanangu," na sauti yangu ni mlango uliokosa mafuta. Je, wenzako shuleni wameiona?

Soma kwa bidii.
Bibi yako, Aikaeli


Rau, Moshi
2 Februari 2025

Shikamoo Bibi,

Barua nimeipata, na ndizi nimezipata. Asante sana. Mwambie Bibiharusi namsalimu.

Ndiyo, wenzangu wameiona. Wote wameiona.

Bibi, nina ombi, naomba usikasirike. Nataka kuhama shule. Nataka nije nisome shule ya kata hapo nyumbani, niwe natoka asubuhi na kurudi kwako jioni. Huku bwenini kuna baridi na kifua kinanisumbua. Nitakusaidia na ng'ombe. Hata kidato cha nne naweza kufanyia huko, mtihani ni ule ule.

Tafadhali ongea na Mama huko Dodoma. Wewe akikusikia anakubali.

Mjukuu wako,
Tabitha


Mamba, Marangu
9 Februari 2025

Tabitha wangu,

Marahaba. Umesema baridi? Rau, mwezi wa pili? Mimi niko huku juu karibu na msitu na nimevua sweta, na wewe uko huko chini kwenye joto unaniambia baridi! Mama yangu mzazi alikuwa na jina la mtoto anayedanganya vibaya, sitaliandika hapa kwa kuwa leo ni Jumapili.

Kama ni ada, usiwaze, hilo ni letu watu wazima. Kama kuna mvulana, niambie jina la ukoo wake tu, nitajua la kufanya. Kama ni masomo, mbona mwaka jana ulikuwa wa tatu darasani na ulisoma shairi mbele ya wazazi bila kutetemeka? Niliporudi siku ile nilitembea kwa majivuno toka njia panda mpaka nyumbani. Nimeongea na mama yako, naye hajui lolote. Kuhama hatuhami mpaka nikuone kwa macho.

Nikupe habari za huku. Mbuzi wa Melkior walivuka mpaka wakala mahindi yangu yote ya kando. Nilimsema, nikawasema na mbuzi wake. Juzi asubuhi kaja na isale mkononi, lile jani letu la kuombea msamaha, limefungwa fundo, kasimama pale mlangoni kimya. Ningefanya nini? Ukishaletewa isale huwezi kukataa, labda uwe umeacha kuwa mtu wa hapa. Nikalipokea, nikampikia chai. Wewe ungemwona, na masharubu yake yote, ila kwa kuwa ni mdogo kwa babu yako, ilibidi aje yeye. Siku zote mdogo ndiye hubeba isale.

Siku ya wageni nakuja, tarehe ishirini na mbili. Naleta kiburu, ndizi na maharage kama unavyopenda.

Bibi


Rau, Moshi
16 Februari 2025

Shikamoo Bibi,

Asante kwa kunijibu. Nakuomba usije siku ya wageni. Magoti yako hayafai kwa safari, na pale Himo kubadilisha gari kuna msukumano. Mimi ni mzima. Suala la kuhama tutaongea likizo, hakuna haraka.

Kama lazima uje, basi naomba usivae kanga ile ya njano, na simu uiache nyumbani.

Nakupenda Bibi. Nisamehe kwa kuandika kifupi.

Tabitha


Mamba, Marangu
23 Februari 2025

Mjukuu wangu,

Nimefika salama, asante Mungu. Eliufoo alinisubiri Himo na pikipiki, nikapanda na sufuria tupu mapajani.

Nimekuona na sikufurahi. Umekonda. Kiburu ulikula vijiko viwili, ukasema umeshiba, wakati niliiona njaa machoni pako. Ulinikalisha kule nyuma ya bwalo kana kwamba nimekuja kuiba. Kanga sikuivaa, uliona. Simu niliiacha. Sikuelewa kwa nini, lakini nilitii, na si kila siku bibi anatii.

Lakini wenzako jamani wana furaha! Tulipopita pale uwanjani na wale wasichana kwenye ngazi wakaanza kulia "mooo, mooo," nikajua umewahadithia habari za Bibiharusi. Nilifurahi sana. Ndiyo maana nilisimama nikawaimbia wimbo wote, beti zote, na kile kibwagizo cha kumpigapiga ng'ombe mgongoni. Wewe ulinivuta mkono, nikadhani unaona haya kama watoto wote. Wakanyamaza kabisa. Mmoja aliinamisha kichwa, nikasema huyu ameguswa na wimbo. Nadhani alikuwa Gladys, mjukuu wa Bibi Rachel, hata hakuja kunisalimia.

Mwalimu wenu mmoja, mwembamba, ana miwani, alisimama mlangoni akitutazama. Aliniomba namba yangu na anuani. Nani huyo?

Kula.
Bibi Aikaeli


Rau, Moshi
25 Februari 2025

Kwa Bibi Aikaeli,

Shikamoo. Mimi ni Mwalimu Stella, mwalimu wa malezi na ushauri shuleni kwa Tabitha. Ndimi yule mwenye miwani. Ningeweza kukupigia, lakini nimeona jambo hili ulisome kwa utulivu na uweze kulirudia.

Bibi, wale wasichana hawakuwa wakifurahi. Wakati wa likizo kuna mtu aliichukua video ya Tabitha akimwimbia ng'ombe, akaikata, akaweka sauti ya ng'ombe juu ya sauti yake, akaisambaza kwenye grupu la darasa. Picha yake imefanywa stika. Shuleni simu haziruhusiwi, lakini kilichoanzia kwenye simu kimeingia bwenini kwa midomo. Akisimama kujibu swali darasani wanalia vile ulivyosikia. Ameacha kujibu maswali. Ameacha kusoma mbele ya wenzake asubuhi mstarini.

Na kuna zaidi. Wamefungua ukurasa mtandaoni kwa jina lake na picha yake, na watu tusiowajua wanaandika humo. Mwanamume mmoja ameuliza anasoma shule gani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, na tayari mkuu wa shule amelipeleka polisi.

Haya sikuyapata kwa Tabitha. Yeye nilipomuuliza alilia tu, akaniomba jambo moja, nisikuambie wewe. Alisema, "Bibi ndiye aliyeirusha, kwa furaha. Akijua atakufa kwa huzuni." Ombi lake nimelivunja, kwa sababu nimeona mtoto amebeba mzigo wake na wa kwako pia. Waliokuja kuniambia ni wasichana watatu wa pale kwenye ngazi. Walikuja jioni ile ile uliyoimba. Mmoja alisema hakujua kwamba wimbo ule una bibi.

Naomba usifute kitu chochote kwenye simu yako kwa sasa, tunahitaji ile video kamili kama ushahidi. Grupu lako waambie wasiirushe popote. Tarehe ishirini na mbili Machi tuna kikao cha wazazi wote. Na naomba usijilaumu kupita kiasi.

Nakushukuru kwa kuja siku ile, na kwa kuimba.

Mwalimu Stella


Mamba, Marangu
2 Machi 2025

Mwalimu Stella,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaenda kukaa bandani na ng'ombe, nikarudi nikaisoma tena.

Nakushukuru. Jina langu lenyewe ni shukrani kwa Mungu, na leo nalitumia lote kwako. Ulimwona mtoto wangu wakati mimi nilikuwa naimba.

Jana kwenye mazoezi ya kwaya niliwaambia wote. Nilisimama pale mbele badala ya mwalimu wa kwaya, nikawaomba kila mmoja aifute mbele ya macho yangu, ibaki ya kwangu tu kwa ajili yenu. Walifuta. Bibi Rachel alipofungua simu yake alikuta mambo mengine humo ambayo si yake, akaketi, akaniomba maji. Sitaandika zaidi. Yeye mwenyewe atakuja kikaoni na mjukuu wake atasema.

Hicho kilichofungwa kwenye gazeti ndani ya bahasha mpe Tabitha. Usimwambie neno. Nilijaribu kumwandikia mara nyingi kalamu ikagoma. Yeye ni mtoto wa huku, akikiona ataelewa.

Mungu akubariki.
Aikaeli


Rau, Moshi
9 Machi 2025

Bibi, shikamoo.

Mwalimu Stella amenipa isale.

Nimekaa nalo siku nzima chini ya mto na nimekasirika, nakuambia ukweli, sijawahi kukukasirikia hivi. Kumbe sasa unajua yote. Kumbe umejua ni Gladys. Na kitu cha kwanza unachonitumia, bila hata salamu, ni isale lake! Bibi Rachel kakuletea, wewe na yeye mnaimba sauti moja tangu mko wasichana, mmeyamaliza jikoni kwa chai, na mimi niliye huku nipokee. Unajua siwezi kulikataa. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba anayekataa ameacha kuwa mtu wa hapa. Umenifunga mikono, Bibi.

Unajua wamenifanya nini? Nilikuwa nikinyoosha kidole darasani naanza kusikia sauti kabla hata hawajaitoa. Nimeanza kuukimbia ule wimbo wenyewe. Ukinijia kichwani naenda kuoga ili niuondoe. Wimbo wa mama yako! Na mtu nisiyemjua ameandika kwamba ananitafuta.

Nilificha ili usiumie. Sikuficha ili wao wasamehewe haraka haraka.

Sijalirudisha kwa sababu sijui linarudishwaje. Lakini sijalipokea.

Tabitha


Mamba, Marangu
14 Machi 2025

Tabitha, mama yangu,

Barua yako imefika leo na Eliufoo, mvua ikinyesha, nami najibu sasa hivi kabla hajanywa chai yake. Akipiga honi atapiga.

Isale lile si la Gladys.

Ni kweli Bibi Rachel alikuja na lake, asubuhi, kaloa, kalia hata kabla ya kufika mlangoni. Nilimwambia, "Mwenzangu, kulikataa siwezi, na kulipokea kwa ajili ya mtoto nako siwezi. Huyo Gladys ana miguu. Abebe mwenyewe, amkabidhi mwenye uchungu, na Tabitha ndiye atakayejua ni leo au ni mwakani." Akaondoka nalo. Chai hatukunywa.

Lile ulilolalia ni la kwangu. Nililikata mwenyewe pale mpakani, kwenye yale masale aliyopanda babu yako, nikalifunga fundo. Nimelileta kwako mimi, Aikaeli, nikikuomba wewe, Tabitha, unisamehe.

Najua kwa nini hukuelewa. Hata mimi sijawahi kuona mkubwa akimpelekea mtoto isale. Melkior aliponiona nalikata akaniuliza nani kakosewa, nikamwambia ni mjukuu wangu, akacheka, akasema nimeigeuza mila miguu juu. Nikamwambia basi na igeuke. Huko kwenye simu mambo yamegeuka zamani, bibi wa miaka sabini ndiye anayemvua mtoto nguo hadharani bila kujua.

Maana ndivyo nilivyofanya. Mimi nikitaka kuazima kitana chako nakuuliza. Nikitaka kutumia ndoo uliyochota nakuuliza. Kwa uso wako sikuuliza. Nilikupiga ukiwa na mabuti ya marehemu na kanga ya kazini, mambo ya bandani, ya kwetu wawili, nikayapeleka kwa watu thelathini na kitu, na hao wana watoto, na watoto wana vidole. Nilijua nampenda ninayempiga picha, nikadhani hiyo ni ruhusa.

Na wewe ukanificha ili nisiumie! Mtoto gani huyu niliyepewa? Nimekaa bandani nikakushukuru kwa sauti, Bibiharusi shahidi. Lakini nakuomba usinifanyie hivyo tena. Niumize. Nina umri wa kuumizwa nikapona. Lolote linalokufika, kwenye simu au nje ya simu, uniambie siku hiyo hiyo, na kama si mimi basi Mwalimu Stella.

Kuhusu kuhama, ukisema bado unataka, nitakuja kukuchukua na sitakuuliza baridi ya Rau.

Jambo la mwisho. Video ile iko kwangu peke yangu, Mwalimu ataichukua kikaoni. Baada ya hapo nifute au nisifute? Sitaigusa mpaka uniambie. Tangu nipate barua ya Mwalimu sijamwekea hata Bibiharusi. Ananipa maziwa ya kutosha chai tu, na mimi nimekubali.

Eliufoo anapiga honi.

Bibi yako aliyekukosea,
Aikaeli


Rau, Moshi
Jumapili, 23 Machi 2025

Shikamoo Bibi wangu,

Ulikaa jana safu ya mbele kikaoni na hatukupata nafasi ya kuongea, watu walikuzunguka kama askofu. Kwa hiyo naandika.

Isale lako nimelipokea. Nililipokea nikiwa nimesimama foleni ya chakula, barua yako mkononi, nikalia kwenye maharage. Sijui kama ninastahili, mtoto kupewa isale na bibi yake. Liko ndani ya Biblia yangu, limekauka, fundo sijalifungua. Nisamehe na mimi kwa maneno niliyokuandikia.

Asante kwa kusimama jana mbele ya wazazi wote na kusema ilianzia kwenye simu yako. Baada yako baba mmoja wa Bomang'ombe alisimama akasema hata yeye huwa anarusha picha za binti yake bila kumuuliza, na mama mwingine, na mwingine. Kabla ya hapo wote walikuwa wanasema ni watoto wa siku hizi. Ule ukurasa umefungwa. Polisi wana jina la yule mwanamume, Mwalimu Stella ananisindikiza mpaka kanisani na sioni aibu. Kila Alhamisi sasa tuna kipindi naye. Ametufundisha kuhifadhi picha ya tulichokiona kabla hakijafutwa, na kumwambia mtu mzima, na kwamba anayerusha mbele naye ametenda, hata kama hakuanza. Mimi nilidhani nikinyamaza kitaisha chenyewe.

Gladys alikuja na lake. Bibi Rachel alisimama mbali, chini ya paa la bwalo. Gladys alinishikisha mwenyewe. Nimelipokea kwa mkono, Bibi. Moyo unakuja nyuma polepole, na sitaki kukudanganya kwamba umeshafika. Nimemwambia hivyo. Akasema atangoja.

Sihami. Ijumaa Mwalimu wa Biolojia aliuliza swali, nikajikuta nimesimama. Nilisubiri ile sauti. Haikuja. Nikajibu, nikakosea, nikakaa chini nimefurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.

Sasa jibu lako.

Jana Mwalimu Stella alitaka kuhakikisha ndiyo yenyewe, akanionyesha kwenye simu yako ofisini kwake. Sikuwa nimeiona tangu Krismasi. Ile ya wenzangu niliijua yote, kila sekunde. Lakini Bibi, waliikata. Hawakuweka pale mwisho. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwisho wake, baada ya ndoo kujaa, nageuka nakuangalia, na wewe unacheka kwa hiyo sauti yako ya mlango, unaniambia, "Aika, mwanangu."

Usiifute. Ikae kwako, isiende kwa mtu. Nakupa ruhusa ya kumwonyesha mmoja tu, Bibiharusi, asubuhi na jioni, mpaka nirudi Juni nimwimbie mwenyewe.

Aika, Bibi.

Mjukuu wako,
Tabitha